Sahani ya Mlango Mwekundu

Asubuhi hiyo bomba la mtaa wa Vigaeni lilikuwa likitoa maji membamba kama uzi wa kushonea, na foleni ya ndoo ilikuwa imekunja kona mpaka kwa fundi majiko. Bi Sikudhani alipotokea na ndoo yake ya bluu yenye mpini wa waya, watu waligeuka. Kisha wakasogea kando, wote pamoja, wakamwachia njia hadi mbele.

"Pita, mwenzetu," alisema Mama Hidaya, muuza vitumbua, jirani yake wa ukuta mmoja. "Pita uchote. Sisi tutangoja. Tusije tukakukasirisha ukatunyima hata hiki kidogo."

"Nitapanga foleni kama wenzangu."

"Wenzako wepi?"

Watu wakacheka kile kicheko cha puani. Sikudhani akaweka ndoo nyuma ya ndoo ya mwisho. Mwenye ndoo hiyo akainyanyua akaenda kuiweka nyuma ya ile ya Sikudhani. Wa mbele yake naye akafanya vivyo hivyo, na mwingine, na mwingine, hata foleni nzima ikamzunguka ikahamia mgongoni kwake, na yeye akajikuta peke yake mbele ya bomba. Akachota nusu ndoo. Hakuna aliyemtwisha.

Alipokuwa akirudi, mjumbe wa mtaa, Bwana Kasembe, alimfuata kwa nyuma, vibao vya kandambili zake vikipiga kisigino.

"Mpimaji anakuja leo, baada ya adhuhuri," alisema bila salamu. "Nakuomba kwa mara ya mwisho, na sitakuomba tena kwa ustaarabu. Tuma sahani kwa Mwanvita."

"Nitume nini?"

"Unauliza nini? Kile tunachotuma sote."

"Kitaje basi."

Kasembe akatazama kulia, akatazama kushoto, akafyonza. 

Juu ya kila mlango wa Vigaeni kulikuwa na taa ndogo, haizidi kifungo cha koti. Zote zilikuwa za kijani isipokuwa mbili, nyekundu. Moja ilikuwa ya Sikudhani, na nyingine ya Bi Mwanvita, aliyekaa ng'ambo ya njia, mlango kwa mlango. Lakini lawama ya Mwanvita ilikuwa imefutwa. Mizani ya Jiji, mtambo uliosoma milango yote, ilionyesha wazi kwamba yeye alituma, na aliyezirudisha sahani zake kizingitini bila kuzipokea ni Sikudhani.

*

Mambo haya yalianza kwa nia njema. Jiji lilikuwa limechoka kupimwa kwa vipimo vya watu wa mbali, vilivyohesabu miti ambayo haipo na magari ambayo hakuna anayeyamiliki. Likasema: kila mtaa uchague wenyewe kitu kimoja, kitakachoonyesha kama mtaa huo unaweza kuendelea kuishi bila kujimaliza. Mtaa wa Reli walichagua viota vya mbayuwayu chini ya mapaa, kwa kuwa mbayuwayu hajengi pasipo na tope na wadudu. Machinjioni walichagua harufu ya mfereji wao. Vigaeni walibishana mpaka sauti zikakauka, na ndipo Sikudhani aliposimama, akafunga mtandio vizuri, akasema, "Sahani."

Akawaeleza mafundi wa jiji taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Hapa kwetu, alisema, ukipika kizuri unampelekea jirani, umekifunika kwa kawa. Jirani hafunui mbele yako, ni aibu. Na akikurudishia sahani yako, hairudishi tupu, ataweka japo ndizi mbili, japo konzi ya njugu. Mkitaka kujua kama Vigaeni ina maji, ina kuni, ina mboga uani, na watu wake bado wanaweza kuvumiliana, basi msipime hewa. Hesabuni sahani zinazovuka njia.

Walimpigia makofi siku hiyo. Mafundi walikuja wakabandika punje ya chuma chini ya kila sahani ya mtaa, wakaweka jicho kwenye kila fremu ya mlango. Punje ilijua uzito na ilijua joto. Sahani ikivuka ikiwa nzito na yenye joto, taa ya aliyepokea ikawa kijani na maji yakafunguliwa; ikirudi kwa mwenyewe ikiwa na kitu, taa yake nayo ikawa kijani, na Mizani ikafunga uzi kati ya milango ile miwili. Nyuzi zikiwa nzima, maji yalikuja kwa kishindo mpaka mabomba yakitetemeka. Uzi ukikatika, maji yalipungua kwa wote, yakapelekwa mtaa mwingine wenye kuishi vizuri zaidi.

Punje ilijua mengi, ila haikuwa na ulimi.

Kikaja kiangazi kimoja kibaya, mboga zikakauka uani na hakuna aliyekuwa na cha kumpa mtu. Nani alianza, haijulikani mpaka leo. Mchanga ukianikwa juu ya bati katika jua la saa sita hupata joto la wali uliopakuliwa. Unautia kwenye sahani, unaufunika kwa kawa, unavuka njia. Mwenzako anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anaenda kuumwaga uani, anatia wa kwake, anakurudishia. Na kwa kuwa kawa halifunuliwi mbele ya aliyeleta, hakuna aliyemwona mwenzake na hakuna aliyesema neno. Hata mvua iliponyesha na mchicha ukarudi, mchanga uliendelea, maana ulikuwa rahisi kuliko kupika. Sikudhani naye alikuwa na bati lake la kuanikia, nyuma ya choo.

Vigaeni ikasifiwa mjini. Wageni waliletwa kuzitazama taa.

*

Mtu wa kwanza kubisha hodi kwa Sikudhani siku hiyo alikuwa Zaituni, mkwe wa Mwanvita, na alikuwa amebeba mtoto mchanga ambaye kitovu chake kilikuwa bado hakijakauka.

"Wewe umetoka nje kabla ya arobaini?" Sikudhani aliuliza.

"Maji ndiyo yamenitoa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo kivulini, usimweke mtoto juani."

Zaituni hakukaa. Macho yake yalikuwa mekundu na leso ilikuwa imelowa kifuani. "Mpimaji akiandika kwamba uzi umekatika, bomba linafungwa na mtaa unaingizwa kwenye maji ya kuletwa kwa gari. Na mtaa wa maji ya gari hauruhusiwi kuwa na mzazi wala mtoto mchanga, eti maji hayatoshi. Watanichukua na mtoto wanipeleke Mabandani, kaskazini huko. Mume wangu haingii. Mama mkwe haingii. Nitaogeshwa na nani? Mtoto atakandwa na nani?"

"Sheria hiyo naijua."

"Basi tuma sahani. Sisemi chakula. Tia chochote."

Sikudhani akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa lililofungwa kwa kitambaa cheupe. Akalifungua, akamsogezea. Ndani kulikuwa na mchanga wenye chembe za bluu zinazometa, vipande vya vigae vya kale ambavyo havikuwapo kwenye ua wowote isipokuwa wa Mwanvita.

"Unaujua?"

Zaituni akajibu polepole, "Ni wa kwetu."

"Mume wangu aliletwa kutoka hospitali amefunikwa shuka. Wanaume wako hapo nje, wanawake wako humu ndani, hakuna aliyekula tangu alfajiri. Ikaja sahani kutoka kwenu, ina joto, imefunikwa kwa kawa lile zuri la mistari ya zambarau. Nikasema, Mwanvita huyo, rafiki yangu tangu tunasuka nywele, amewahi kuliko wote. Nikawaita wanawake waje kunawa. Wamekunja mikono, wamekaa mkao wa kula. Nikafunua mimi mwenyewe."

Mtoto alikohoa kidogo. Zaituni akambadilisha bega.

"Hakujua, mama. Wallahi hakujua. Alikuwa ameuanika tangu asubuhi, yuko uani, na sahani ikatoka kama inavyotoka kila siku. Kilio amekisikia baadaye."

"Na alipojua?"

Zaituni akamfuta mtoto mdomo kwa pembe ya leso.

"Alikuja matangani," Sikudhani aliendelea, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Alikaa pale, goti lake linagusa langu. Akaniambia pole na msiba. Mchanga hakuutaja."

"Angeutajaje? Mtaa mzima ulikuwa humu ndani. Angesema mchanga, kila mmoja angeulizwa wa kwake."

"Ndiyo hivyo. Na mimi sikuutaja, kwa sababu hiyohiyo. Nikaacha tu kupokea."

"Kwa hiyo mwanangu aende Mabandani kwa sababu ya neno ambalo watu wazima wawili wameshindwa kulisema?"

Sikudhani alifunga kopo. "Mfunike miguu mtoto," alisema. "Upepo huu si mzuri."

Zaituni aliondoka bila kuaga. Alipokwisha kuvuka njia, Sikudhani alikaa na lile kopo mapajani. Kisha akaenda nyuma ya choo, akalivuta bati lake lililokuwa limeota kutu ukingoni, akaumwaga mchanga juu yake, akautandaza kwa kiganja mpaka ukawa mwembamba na jua likaufikia wote. Akauchagua hata majani makavu yaliyoingia. Aliufanyia usafi kama mchele wa karamu.

*

Mpimaji aliitwa Avelina. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa viatu vya mpira, na alishika kibao cha kioo alichokitazama zaidi kuliko alivyowatazama watu. Mtaa mzima ulikuwa njiani. Mtu fulani alikuwa amepaka matope mlango wa Sikudhani, na matope yalikuwa yameanza kukauka na kupasuka.

"Uzi wenu umekatika tangu masika," alisema Avelina. "Nani ananieleza?"

"Huyo hapo," alisema Mama Hidaya. "Anaringa. Anajiona yeye ndiye aliyeleta sahani duniani."

"Mumewe amekufa, sisi ndio tufiwe na maji," mwingine akadakia.

"Sikuja kusuluhisha ugomvi," Avelina aliwakata. "Mimi nasoma kilichopo, naandika, naondoka. Mama, unatuma sahani au hutumi?"

Sikudhani aliingia ndani. Alikawia kiasi cha kuwafanya watu waanze kunong'ona. Akatoka na sahani, juu yake kawa la mistari ya zambarau, lilelile, ambalo halikuwahi kurudishwa. Wanawake walipoliona, wengine walitazama chini.

Alivuka njia. Mwanvita alikuwa kizingitini, mfupi, mnene, mikono imejaa uchovu wa kuogesha mtoto. Wanawake hao wawili hawakuwa wamesimama karibu hivyo tangu msiba. Sikudhani akanyoosha sahani. Mwanvita akaipokea kwa mikono miwili, kama desturi, akahisi joto lake, na uso wake ukalegea. Inaelekea aliamini ni chakula.

"Ahsante, shoga," alisema.

"Haya."

Taa ya Mwanvita ikawa kijani. Wanawake wakapiga vigelegele. Chini ya ardhi mabomba yaliguna, yakakohoa, na pale kwenye bomba la mtaa maji yakaanza kumwagika kwa nguvu mpaka ndoo zilizopangwa zikaanguka. Watu walikimbia kukinga. Bwana Kasembe alimshika Sikudhani mkono akautikisa kama wa mtu aliyetunukiwa cheo.

"Kumbe uliweza siku zote," alisema. "Ulikuwa unatutesa tu."

Sikudhani alikuwa ametarajia kufurahi. Aliitazama taa ile ya kijani juu ya mlango wa mwenzake, iliyouridhia mchanga wa msibani kama ilivyokuwa imeuridhia mara ya kwanza, akauchomoa mkono wake kwa Kasembe.

"Bado kurudi," alisema Avelina, akaegemea ukuta. "Sahani ikirudi na kitu, nafunga faili."

Walingoja.  Halafu sauti ya Zaituni ikasikika kutoka ndani kwa Mwanvita, kali, "Mama, tia hata majivu! Mama, unafanya nini?" Na kelele za maji yakimwagwa.

Mwanvita akatoka. Sahani ilikuwa mikononi mwake bila kawa, imeoshwa, inadondosha matone, nyeupe tupu. Mtaa ulivuta pumzi. Hakuna mtu wa Vigaeni aliyewahi kuiona sahani ikivuka njia hivyo, wazi, haina kitu.

Alimpa Sikudhani.

"Nilikuletea mchanga siku ya msiba wako," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka bombani. "Sikujua mwili wa mumeo, Mzee Shomvi, umefika. Nilipojua niliona haya, na haya ikanikaa. Leo umeniletea uleule. Sina cha kutia humo ndani, Sikudhani. Nimetafuta jikoni kwangu kote, sina kinachostahili."

"Mnyamazisheni huyo," alisema Mama Hidaya, si kwa ukali, kwa hofu.

Taa ya Sikudhani ilibaki nyekundu. Ya Mwanvita ikapepesa, ikawa nyekundu nayo. Maji yakapungua, yakawa uzi.

Avelina aliinua macho kutoka kwenye kibao chake, na kwa mara ya kwanza aliwatazama watu, mmoja mmoja. "Mchanga gani?"

 Bwana Kasembe aliinama akajifanya anachomeka ukanda wa kandambili.

"Nyumba ngapi?" Avelina akauliza tena. Kisha akashusha pumzi. Pengine alikuwa amewahi kusimama katika mitaa mingine na kusikia kimya kama hicho. "Sikilizeni. Mimi kazi yangu ni kusoma, na nilichosoma ni sahani tupu. Mkirudia nikiwa hapa, ikirudi na uzito, nitaandika uzi umeungwa. Sina haja ya kufunua kawa la mtu. Wala kipimo chenu hakinitaki nilifunue."

Kabla hajamaliza, Mama Hidaya alikuwa ameinama. Alikokota udongo wa njiani kwa mikono yake miwili, wa moto wa jua, akaumimina kwenye sahani iliyokuwa mikononi mwa Sikudhani. Mwingine akaongeza. Kasembe akavua kofia yake akaifunika juu.

"Ingia nao ndani kwako," alisema kwa upole wa kutisha. "Hatua ya kizingiti tu, mama. Mtoto yule atabaki. Maji yatabaki. Na matope ya mlangoni tutakuoshea."

Zaituni alikuwa amesimama nyuma ya mama mkwe wake, mtoto kifuani.  Alikuwa akimtazama Sikudhani mdomoni, kama mgonjwa anavyomtazama mganga.

Sikudhani aliupima uzito ule. Ulikuwa sawa kabisa na wali wa watu wanne. Alimtazama mtoto, na alitazama miguu yake midogo iliyokuwa imefunikwa safari hii kwa soksi. Akafikiri kwamba hatua ile moja ingempa mtoto maji, naye angekua akijua kupokea kwa mikono miwili na kumwaga uani. Akafikiri pia kwamba mtoto hawezi kunywa mawazo ya mtu.

 Akaiondoa kofia, akamrudishia Kasembe. Akaipindua sahani, udongo ukamwagika juu ya miguu yake mwenyewe.

"Andika ulichokiona," alimwambia Avelina.

Avelina akaandika.

*

Mawe yalianza kabla mpimaji hajafika kona. Hayakuwa makubwa, kokoto tu, za kumwambia mtu akae ndani. Ziligonga mlango wa Sikudhani na ziligonga mlango wa Mwanvita bila upendeleo. Mama Hidaya alilia huku akirusha. Kibao cha matangazo cha mtaa kilikuwa kimeshatangaza kwamba maji ya gari yataanza, na gari la kuwachukua wazazi na watoto wachanga litakuja asubuhi.

Jua lilipoanza kupoa, kokoto zikaisha. Sikudhani alikuwa na ile nusu ndoo ya asubuhi. Akapepeta mtama, akausaga, akakoroga uji taratibu ili usifanye mabonge, akautia pilipili manga na tangawizi na kipande cha sukari guru alichokuwa akikificha kwenye mtungi. Ulipoiva alishusha kutoka juu ya kabati bakuli la bati la mamake, lililomenyeka rangi ukingoni. Lilikuwa la kale kuliko Mizani na halikuwahi kubandikwa punje. Akalifunika kwa kifuniko cha sufuria, maana kawa lilikuwa limebaki ng'ambo.

Alivuka njia akikanyaga kokoto. Watu walichungulia madirishani. Mwanvita alifungua mlango nusu, ana alama ya kukwaruzwa kwenye paji la uso.

"Umefuata nini?"

"Uji wa mzazi. Si wako. Wa Zaituni. Ale ashibe kabla ya safari, maziwa yashuke."

"Zaituni hataki kukusikia."

"Hanisikii. Atakunywa."

Mwanvita alilitazama bakuli lakini hakulipokea. Juu ya vichwa vyao taa ya mlango ilikuwa nyekundu, haikupepesa hata kidogo, kama kwamba hapakuwa na mtu kizingitini. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamke wa Vigaeni halifanyi. Alinyoosha mkono akakinyanyua kifuniko, palepale, mbele ya aliyeleta. Mvuke ukampiga usoni. Hakutosheka, akachovya kidole.

Sikudhani hakuona haya wala hakukasirika. Aliinamisha bakuli kidogo ili mwenzake aone mpaka chini.

"Kagua vizuri," alisema, akasimama kungoja.